Mboga ya bustanini: imefika au bado? Uzi wa dalili za kuvuna

#1 MkulimaWaUani

Habari za bustani, wakuu.

Kila msimu picha ni zile zile: bilinganya limening'inia, tango limelala chini ya majani, na swali pembeni, "Hili nivune au niache?" Jibu linalowahi kufika huwa ni "angalia pakiti, imeandikwa siku 70". Naomba tuanzie hapo hapo, maana hesabu ya pakiti ndiyo inayowapoteza wengi.

Siku hizo zinahesabiwa tangu lini? Nyanya, hoho, bilinganya na kabichi, yaani mboga zinazoanzia kitaluni, kwa kawaida huhesabiwa tangu mche ulipohamishiwa bustanini. Karoti, figili, maharage na bamia, ambazo mbegu yake inaingia moja kwa moja kwenye tuta, huhesabiwa tangu kupanda. Mtu anayeanza kuhesabu nyanya tangu alipomwaga mbegu kitaluni atafika siku ya 70 mmea ndio kwanza unafunga matunda ya kijani, aanze kulaumu mbegu. Halafu hata ukihesabu sawasawa, baridi ikikaza siku zinaongezeka, kivuli kinaziongeza, na joto kali linaweza kuisukuma saladi itoe maua kabla hujala hata mara moja. Mimi namba ya pakiti naichukua kama tarehe ya kuanza kukagua, basi.

Cha kujiuliza ni hiki: ninachokwenda kula kinaliwa kikiwa kichanga, au kikiwa kimepevuka?

Tango, bamia, bilinganya, zukini na maharage mabichi ni matunda tunayoyakatiza njiani, kabla mbegu zake hazijakomaa. Nyanya, boga na tikiti tunasubiri mpaka mbegu zimalize kazi. Njegere mbichi na mahindi mabichi yako katikati, mbegu imejaa lakini sukari yake bado haijageuka wanga. Majani yanaliwa kabla mmea haujaanza habari za maua. Viazi, vitunguu na karoti ni akiba ambayo mmea umejiwekea ardhini, na hizo zina mambo yake, tutazifikia.

Kwenye kundi la kwanza tunakosea kwa kuchelewa, kwenye la pili kwa kuwahi. Na kuchelewa kunauma mara mbili. Tunda lenyewe linakakamaa, halafu mmea unapunguza maua mapya, kwa sababu shida yake yote ilikuwa kupata mbegu na sasa inazo. Tango moja tu lililojificha likageuka njano linatosha kuufanya mtango mzima upoe. Kwa hiyo hata lile lililopita umri usiliache pale eti halifai tena. Likate, litupe kwenye mboji, mmea uendelee.

Nianze na bilinganya, kwa kuwa ndilo linaloulizwa sana. Ukubwa haukwambii kitu, maana kuna aina zinazoishia saizi ya yai na nyingine zinarefuka hadi kushinda kiganja. Tazama ngozi. Ikiwa inang'aa mpaka unaona mwanga wa dirisha juu yake, uko ndani ya muda. Kisha libonyeze taratibu kwa kidole gumba. Lisipobonyea kabisa, bado linakua. Likibonyea na ngozi ikarudi mahali pake, chuma leo. Shimo la kidole likibaki, limepita. Mng'ao ukishafifia ngozi ikawa butu, ukilipasua utakutana na mbegu za kahawia na nyama chungu. Na usilinyofoe kwa mkono, kikonyo chake kigumu na mara nyingi kina vimiiba. Kata kwa kisu au mkasi, acha kipande cha kikonyo juu.

Karibuni mwongeze, msahihishe, mbishe.

#2 MgeniWaTuta

Asante sana mkuu, nilikuwa nausubiri uzi kama huu. Mimi shida yangu ni nyanya. Naambiwa niziache ziwe nyekundu kabisa mtini ndio zinakuwa tamu. Mvua ikinyesha zinapasuka, zinazobaki zinatobolewa na wadudu. Nikichuma mapema naambiwa hazitakuwa na ladha. Nishike lipi?

#3 MkulimaWaUani

@MgeniWaTuta nyanya ina hatua moja ambayo watu wanairuka. Ikishafika saizi yake, kijani chake kinapauka, halafu kitakoni, upande wa pili wa kikonyo, panatokea doa la manjano au waridi. Hapo tunda limeshaanza kutoa kwa wingi ile gesi ya ethilini inayoivisha, na litaendelea kuiva lenyewe hata likiwa mezani. Ukilichuma katika hatua hiyo umelikwepesha mvua na wadudu, na ladha haipungui kiasi cha wewe kuitambua mdomoni. Nyanya isiyo na ladha ni ile iliyochumwa ingali kijani kitupu, haijapevuka, ikageuka rangi tu.

Tofauti ya kijani kilichopevuka na kijani kichanga iko ndani. Kata moja kwa kisu kikali. Iliyopevuka, mbegu zimezungukwa na ule utelezi, kisu kikipita zinasogea pembeni bila kukatika. Kwenye changa utelezi haujajaa na mbegu zinakatwa pamoja na nyama. Hiyo changa hata uitunze vipi haitaiva ya maana.

Ukishachuma, jua halihitajiki. Dirishani inaungua upande mmoja na kusinyaa. Iweke kivulini penye joto la wastani, nyuzi 18 hadi 25 hivi. Ukiwa na haraka, ifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kwa sababu ndizi nayo inatoa ethilini. Friji iache, hasa kwa ambayo haijamaliza kuiva. Chini ya nyuzi 12 hivi inapoteza harufu, na harufu ndiyo nusu ya utamu wa nyanya.

Jambo jingine, kama mnapita kipindi cha joto la zaidi ya nyuzi 30 mfululizo, nyanya inaweza kugoma kwenye rangi ya machungwa. Wekundu wake unatokana na kitu kinachoitwa likopeni, na katika joto hilo mmea haukitengenezi vizuri. Kusubiri mtini hakusaidii. Ingiza ndani penye ubaridi kidogo, itamalizia.

#4 ShambaDogo

Mkuu hapo kwenye ladha nakupinga. Zile nyanya ndogondogo za vichane, ya mtini na ya mezani hazifanani hata kidogo. Mimi naacha mpaka ikiguswa inaachia yenyewe.

#5 MkulimaWaUani

@ShambaDogo kwa zile ndogo naungana nawe. Ni za kula pale pale, na sukari inayoingia siku za mwisho unaisikia. Ila nazo zinapasuka haraka kuliko kubwa, kwa hiyo mvua ikitanda zipitie kwanza. Nilichosema nakisimamia kwa nyanya kubwa za kupikia, hasa zenye ngozi laini.

#6 BibiBamia

Wajukuu, mmesahau bamia. Bamia halisubiri mtu. Ua likishadondoka, hesabu siku nne hadi sita, kwenye joto zinakuwa chache zaidi. Ukikagua leo ukaona dogo, ukapumzika kesho na keshokutwa, unarudi unakuta la kutengenezea mpini.

Wengi wanapima urefu, sentimita 7 hadi 10, na kwa aina nyingi ni kipimo kizuri. Lakini kuna aina zinafika kiganja na bado laini, na nyingine fupi tu tayari zina kambakamba. Kipimo kisichodanganya ni ncha. Ishike ncha ya bamia kwa kidole gumba na cha shahada, ikunje. Ikikatika kwa mlio, laini. Ikikunjika bila kukatika, hilo limeshakomaa, kisu kitakwama. Sasa usivunje ncha za bamia zote kama anayekagua mzigo, jaribu moja kwenye kila saizi, macho yatazoea.

Chuma kila baada ya siku moja, na vaa mikono mirefu, vile vinywele vya bamia vinawasha vibaya. Yaliyokomaa kata pia. Ukiyaacha, mmea unaona umeshazaa vya kutosha. Labda unataka mbegu, hapo acha mmea mmoja wa pembeni ukauke na maganda yake, ila mingine iendelee kuchumwa.

#7 MgeniWaTuta

Shikamoo bibi, ncha nimeielewa. Na hoho je? Ya kijani nikiichuma ikakaa na ndizi kama nyanya itakuwa nyekundu?

#8 ShambaDogo

@MgeniWaTuta haitakuwa. Hoho si kama nyanya. Ukiichuma kijani kitupu itakaa, itanywea, itaoza ikiwa kijani. Iliyokwisha kuanza kugeuka, hata robo tu, inaweza kuendelea kidogo ndani.

Hoho ya kijani ni ile ile nyekundu, ila changa. Inaliwa ikishajaa, nyama imekaza na ngozi inang'aa. Ukitaka nyekundu au njano, subiri wiki mbili hadi nne zaidi mtini, utapata utamu na vitamini C nyingi kuliko ya kijani, lakini mmea utazaa chache. Mimi naigawa: matunda ya mwanzo nachuma ya kijani ili mmea uendelee kuzaa, ya baadaye naacha yabadilike. Na tafadhali mkasi! Matawi ya hoho yanakatika ukiyatazama vibaya, ukivuta tunda unaondoka na tawi lenye maua matano.

Pilipili kali fuata rangi ya aina yako. Nyingi zinakuwa kali zaidi zinapokaribia kuiva.

#9 Kikonyo_Kijani

Naomba kuuliza kuhusu vitunguu maji. Majani ya kama theluthi yameanguka, mengine yamesimama wima. Jirani kaniambia nipite nikiyakanyaga au kuyakunja yote kwa mkono ili yaive pamoja. Nifanye hivyo?

#10 JembeKongwe

Usimkanyagie mtu kitunguu chake jamani. Najua ushauri huo, ni wa zamani na bado unazunguka.

Shingo ya kitunguu inaanguka yenyewe kwa sababu mmea umeacha kutoa majani mapya katikati. Shingo inakuwa tupu ndani, haina cha kuishikilia, inalala. Hiyo ndiyo dalili. Ukiikunja kabla ya wakati, umekata chakula kilichokuwa kinashuka kwenye kitunguu, na umeijeruhi shingo, na shingo yenye jeraha ndiyo mlango wa kuoza ghalani. Majani kulala hakukiivishi kitunguu. Kitunguu kikishakamilika ndipo majani yanalala.

Cha kufanya sasa, punguza maji. Theluthi ikishaanguka acha kumwagilia kabisa. Yakifika nusu au zaidi, chagua siku kavu, legeza udongo chini kwa jembe uma, ng'oa. Usisubiri mpaka majani yote yawe makavu kabisa ardhini, mvua ikikuta hapo kitunguu kinaanza kutoa mizizi upya na maganda ya nje yanaoza.

Kisha kuna kazi ambayo watu wanaifupisha: kukausha. Vitandaze safu moja kivulini penye upepo, na majani yake, kwa wiki mbili hadi tatu. Jua kali la moja kwa moja linababua. Vimekauka lini? Finya shingo kati ya vidole viwili. Ukisikia kitu kinateleza ndani, bado kuna unyevu. Ikiwa imefungana kavu na maganda yanachakarika ukivigusa, sasa kata majani ukiacha sentimita mbili au tatu juu. Vyenye shingo nene ambazo hazikuanguka, na vilivyotoa bua la maua, vitenge. Hivyo ni vya kula mwanzo, havikai.

#11 Kikonyo_Kijani

Asante mzee wangu, jirani nitampa salamu zako. Vitunguu saumu navyo ni hivyo hivyo?

#12 JembeKongwe

Hapana. Saumu ukisubiri ianguke umechelewa. Kila jani la saumu linashuka mpaka chini na kuwa ganda moja linalofunika tumba. Jani likikauka, ganda lake nalo limeanza kuoza udongoni. Kwa hiyo unataka majani ya chini yawe yamekauka, theluthi hadi nusu hivi, na ya juu yangali kijani. Chimbua moja ukate katikati kwa upana. Punje zikiwa zimejaa na kubanana ndani ya ganda, vuna zote. Punje zikiwa zimeanza kuachana na ganda limepasuka, zinaliwa vizuri tu lakini hazitakaa muda mrefu.

#13 TutaLaTatu

Wakuu, mimi niulize viazi. Vya chini sioni kitu, nitajuaje bila kufukua shamba zima? Nina mviringo na vitamu.

#14 MkulimaWaUani

@TutaLaTatu viazi mviringo vina mavuno mawili. Ukitaka vile vidogo vya ngozi laini, baada ya maua penyeza mkono pembeni ya shina, papasa, chukua viwili vitatu, rudisha udongo. Zipo aina zisizotoa maua, usikae unayasubiri. Ukitaka vya kuhifadhi, subiri majani yanyauke na kufa yenyewe, kisha viache ardhini wiki mbili hivi ngozi ikaze. Jaribio lake ni jepesi, chimbua kimoja, sugua ngozi kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikichubuka, rudi baada ya siku kadhaa. Ngozi ikigoma kutoka, vuna. Udongo ukiwa umetota usisubiri sana, vitaoza. Na kiazi kilichopigwa na mwanga kikawa kijani usikipike, kijani hicho kinaambatana na solanini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Viazi vitamu ni hadithi nyingine. Havina siku ya kukomaa kama mahindi, mmea ukiwa na afya mzizi unaendelea kunenepa tu. Kwa hiyo wewe ndiye unayeamua saizi. Aina nyingi zinakuwa tayari kati ya miezi mitatu na mitano. Dalili za juu ni majani ya shinani kuanza kuwa manjano na udongo wa tuta kupasuka pale kiazi kinapousukuma. Chimbua kimoja ukikate. Utomvu ukikauka ukabaki mweupe, kimefika. Ukigeuka mweusi au wa kijani cheusi, kipe muda.

Sasa hiyo mipasuko ya tuta isikufurahishe sana. Fukusi wa viazi, yule mdudu anayevitoboa, hana uwezo wa kuchimba mbali, anateremka kwenye nyufa hizo hizo mpaka kwenye kiazi. Ukiona ufa na hujawa tayari kuvuna, ufukie kwa udongo. Kukiacha kiazi kinenepe miezi mingine miwili wakati ardhi inakauka ni kumkaribisha yeye.

#15 JembeKongwe

Niongeze: viazi vitamu vikitoka ardhini vinahitaji joto kabla ya kwenda ghalani. Siku nne hadi saba penye joto la karibu nyuzi 30 na hewa yenye unyevu, michubuko inajifunga na utamu unaongezeka. Usivioshe. Na usivirushe, kiazi kitamu kinajeruhika haraka kuliko kinavyoonekana.

#16 DadaSaladi

Naona wanaume mmeshikilia viazi tu. Majani hayasemwi?

Jani lina sheria moja, liwahi ua. Mchicha ukifika sentimita 15 hadi 20, wiki tatu au nne tangu kusia, ng'oa au kata ukiacha vifundo viwili chini uchipue tena. Ukishaona kilele kinachongoka na vishada vinaanza, majani yanapungua na shina linakuwa gumu. Spinachi na sukuma wiki chuma majani ya chini na ya nje, acha kilele na majani manne matano ya juu. Ukikata kilele umemaliza. Lile jani la chini kabisa ambalo limeshakuwa manjano halina faida kwako wala kwa mmea, ondoa.

Saladi ndiyo yenye kigeugeu. Leo tamu, siku mbili za joto, chungu. Tazama katikati: kitovu kikianza kunyanyuka badala ya kukaa chini kimefungana, inajiandaa kutoa bua. Vunja jani ukaone utomvu mweupe. Ukiwa mwingi na mzito, uchungu umeshaingia. Hapo vuna yote siku hiyo hiyo, haitarudi kuwa tamu.

Na chumeni asubuhi jamani. Usiku jani limejaza maji, likichumwa mapema linakaa limekaza. La saa nane mchana linafika jikoni limelala.

#17 ShambaDogo

Asubuhi ndiyo, isipokuwa maharage. Maharage subiri umande ukauke. Ukipita katikati ya majani yenye maji unasambaza ugonjwa wa kutu na bakteria kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Tukiwa hapo hapo, ganda la maharage mabichi livunje. Likikatika kwa mlio bila uzi kuning'inia, safi. Ukiona kila punje imechora umbo lake juu ya ganda, umechelewa kwa ganda, sasa liache likauke ule punje. Makavu yanakuwa tayari maganda yakiwa ya rangi ya majani makavu na punje zinacheza ndani. Ingiza ukucha kwenye punje, isikubali.

Njegere ni kinyume kidogo, ganda lijae lakini liwe bado kijani kinachong'aa. Likipauka na kukunjamana, wanga umetangulia. Na zikishachumwa zipike siku hiyo, utamu wake unapotea hata zikiwa kwenye kikapu.

#18 MgeniWaTuta

Mahindi mabichi nami niyaulizie basi. Huwa nafungua maganda kidogo kuchungulia.

#19 MkulimaWaUani

Acha kuchungulia, mkuu. Ukishafungua, wadudu na ndege wamepata njia, na suke likiwa bado huwezi kulifunga tena. Tazama ndevu. Zikishakuwa kahawia na kukauka, lakini maganda yangali kijani, lishike suke juu ya ganda upapase ncha. Ncha ikiwa imechongoka, punje za juu hazijajaa. Ikiwa butu na nene, limejaa mpaka juu. Ni kama wiki tatu hivi tangu ndevu zitokeze. Ukiwa bado na shaka, chagua suke moja tu la kutoa kafara, bonyeza punje kwa ukucha. Likitoka maji maangavu, bado. Likitoka tui jeupe, leo. Ikitoka unga mzito au isitoke kitu, hilo limehamia kwenye makavu.

#20 Kikonyo_Kijani

Samahani kurudi nyuma, kuna jambo halijasemwa. Dawa. Watu wanapuliza leo, kesho bamia limefika, wanachuma.

#21 JembeKongwe

Umefanya vizuri sana kulitaja. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko, na zinatofautiana kwa zao hata kama dawa ni ile ile. Mboga inaweza kuwa imefika kwa dalili zote za uzi huu na bado isivunwe. Kwa bamia, matango na zukini ambazo unachuma kila baada ya siku moja au mbili, dawa ya kusubiri siku 14 maana yake ni kutupa mavuno ya wiki mbili, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kununua. Na kuosha hakufuti siku hizo, hasa kwa dawa zinazoingia ndani ya mmea.

#22 TutaLaTatu

Kabichi yangu imefunga, naogopa kuikata mapema. Na karoti?

#23 DadaSaladi

Kabichi ikamue kwa viganja viwili. Ikiwa na hewa ndani, acha. Ikiwa imekaza, kata. Usingoje ikue zaidi, iliyokwisha kukaza ikinyeshewa inapasuka, kwa kuwa mizizi inaingiza maji na majani ya nje hayatanuki tena. Mvua imekuja na huna nafasi ya kuivuna? Ishike kichwa izungushe kidogo mpaka usikie mizizi michache inakatika, itapunguza kunywa, utapata siku kadhaa.

Karoti fukua udongo wa juu kwa kidole uone bega. Likiwa na unene wa kidole gumba, anza kung'oa zilizobanana, zinazobaki zipate nafasi. Bega la kijani limepigwa na jua tu, kata kipande hicho. Figili ndiyo isiyosubiri, wiki tatu hadi nne, ikizidi inakuwa sponji ndani.

#24 ShambaDogo

Tikiti? Mimi hulipiga konzi nisikilize mlio mzito.

#25 MkulimaWaUani

Mlio siuamini, kila mtu anausikia wake. Geuza tikiti utazame tumbo, pale lilipolalia udongo. Likiwa jeupe au kijani hafifu, bado. Likiwa la manjano ya siagi, vizuri. Kisha fuata kikonyo mpaka kinapoungana na mtambaa, pale pana kikamba kilichojisokota kama chemchemi ya kalamu. Kikiwa kibichi, subiri. Kikikauka kahawia mpaka kwenye shina na tumbo ni la manjano, kata. Kuwa na hakika, kwa sababu tikiti likishachumwa haliongezi sukari. Ukiwahi umewahi.

Boga ndilo la subira kuliko yote. Ukucha usiingie kwenye ngozi hata ukisukuma, na kikonyo kiwe kimekauka na kuwa kigumu mithili ya gome. Kata ukiacha sentimita 5 hadi 10 za kikonyo. Liweke penye joto na hewa siku kumi hivi kabla ya kulihifadhi, ngozi ikaze. Na usilibebe kwa kikonyo.

#26 MgeniWaTuta

Mkuu nimechelewa kusoma hiyo ya mwisho. Moja kikonyo kimebaki mkononi mwangu, boga limeanguka kwenye majani, halikupasuka. Na mtango wangu mmoja unatoa matango machungu, je nao ni umri?

#27 BibiBamia

Tango chungu mara nyingi ni kiu na joto, si umri. Uchungu unakaa upande wa kikonyo na chini ya ngozi, kata hapo, menya, na mmea upe maji bila kuruka siku. Ila zukini au boga likiwa chungu ulimini, teme, usipike, hata ukiongeza chumvi na sukari. Hiyo ni sumu yake yenyewe, na huja sana kwenye mbegu ulizotunza mwenyewe kama karibu kulikuwa na maboga ya mapambo.

Hilo lisilo na kikonyo halina ugonjwa, mjukuu, ila tobo lake ndipo uozo utakapoingilia. Usiliweke na wenzake ghalani. Anza nalo hilo wiki hii.